Mwano Hauna Mwenyewe

Bariadi,
10 Oktoba 1996

Mhariri wa Gazeti la Kurunzi,
Mwanza.

Mwangaluka, Mhariri.

Hatujuani, na ningependa tubaki hivyohivyo. Hata hivyo natumaini u mzima, watu wako ni wazima, na kama una ng'ombe, nao ni wazima. Kwetu mtu haingii kwenye jambo kabla ya salamu, hata kama jambo lenyewe linaungua.

Mimi ni mtumishi wa Ofisi ya Mbegu hapa wilayani. Ndani ya bahasha hii utakuta kipande cha uzi mwekundu. Usikitupe.

Kuna upande wa nchi ambako pamba imeingiwa na ugonjwa wa mnyauko. Mche unasimama vizuri, unatoa maua, halafu unakauka umesimama, na ardhi ikishaupata ugonjwa huo haiponi mwaka huu wala mwakani. Ndiyo maana ikawekwa sheria tangu zamani kwamba mbegu za upande ule hazipandwi. Zinakwenda kinu cha mafuta, basi. Na ili asikosee mtu, hata asiyejua kusoma, magunia yake hushonwa mdomo kwa uzi mwekundu. Ya mbegu za kupanda hushonwa kwa uzi mweupe. Mkulima wa huku ukimpa gunia la uzi mwekundu atakurushia usoni.

Tangu soko la pamba lifunguliwe, kila mwenye lori amekuwa mnunuzi, na kila mnunuzi ni rafiki wa ofisi. Kampuni moja, Nyota ya Pamba, iliahidi kutuletea mbegu safi za kuwapa wakulima. Haikuwa nazo. Ikaleta za uzi mwekundu, na mkubwa wetu akazipokea. Wiki iliyopita geti lilifungwa mchana kweupe, wakaletwa watu wenye shazia, zile sindano kubwa za magunia, wakafumua mwekundu na kushona mweupe. Mimi nilipita nikaambiwa ni usafi wa ghala. Magunia hayo sasa yako Nkoma, yanasubiri mvua kama wanavyoisubiri wakulima.

Piga kelele kabla haijanyesha. Jina langu silitaji. Hizi ni siku za kupunguza watumishi, ukinong'onwa tu umekwisha, na mimi nina watoto wanaosoma. Tena usilolijua hutalisema hata wakikubana.

Shangazi yako Asumini ana duka pale sokoni, na mji mzima unajua wewe ni mtoto wa pale. Nje kuna benchi la wateja lenye mkeka. Jibu likiwekwa chini ya mkeka, nitalichukua siku nitakayokuja kununua chumvi kama watu wengine.

Mimi,
Mtumishi.

•

Mwanza,
16 Oktoba 1996

Shangazi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ila mtambo wetu wa kuchapia unakohoa kuliko babu Gharib enzi zake, Mungu amrehemu.

Shangazi, nina ombi, na nakuomba usicheke kabla ya kufika mwisho. Pamoja na barua hii kuna bahasha nyingine iliyofungwa. Iweke chini ya mkeka wa lile benchi la nje. Kuna mtu ataichukua. Simjui ni nani, nawe usimjue. Siku nyingine mtu huyo ataacha bahasha hapohapo, nawe utampa kondakta wa basi la Mwanza aniletee.

Si mambo ya mapenzi. Najua ndilo la kwanza ulilofikiri.

Mwanao,
Hamimu.

•

Bariadi,
19 Oktoba 1996

Mwanangu Hamimu,

Waalaykum salaam. Nimecheka kabla ya kufika mwisho, na nikacheka tena nilipofika. Una miaka thelathini na ushee, huna mke, halafu unatumia benchi langu kwa barua za siri na kuniapia si mapenzi. Haya.

Bahasha niliiweka asubuhi, nikaingia ndani kupima mchele, nikarudi, haipo. Wateja walikuwa wengi, maana ilikuwa siku ya mnada. Alikuwapo Joakim bwana shamba, alikuwapo Klementina wa mapokezi pale Ofisi ya Mbegu akisema mdomo haufungi, walikuwapo wachunga ng'ombe, alikuwapo hata mwalimu mkuu. Sikuangalia. Mimi nimekaa dukani maisha yangu yote, najua kuona, na najua kugeuza mgongo. Usinifundishe.

Nawe ule vizuri. Gazeti halishibishi.

Shangazi yako,
Asumini binti Gharib.

•

Mwanza,
24 Oktoba 1996

Kaka yangu usiye na jina,

Nimepata barua yako ya pili, na ile ya kwanza bado naisoma kila ninapochoka. Nimekuwa kwenye kazi hii tangu magazeti ya watu binafsi yaruhusiwe, na meza yangu imejaa barua za watu wanaotaka kuwakomoa jirani zao. Yako ni ya kwanza kunitaka nisikuamini mpaka nikaone kwa macho. "Tuma mtu akatazame midomo ya magunia," uliniandikia. Nimemtuma Thomasi, mwandishi wetu. Alijifanya mnunuzi wa choroko, akaketi kwenye ghala la Nkoma akipiga porojo na mlinzi. Amerudi na mfuko wa choroko ambazo hatujui tuzifanyie nini, na nyuzi nyekundu tele. Waliofumua walikuwa na haraka. Vipande vimebaki ndani ya pindo la kila gunia, chini ya ushonaji mweupe.

Kesho Ijumaa tunachapa, ukurasa wa kwanza. Jina la ofisi na la kampuni tumeyataja.

Jambo moja. Barua isiyo na jina haina masikio, msomaji anaipita. Kwa hiyo nimekupa jina. Nilipokuwa mtoto hapo Bariadi nilisikia mwano ukipigwa vijijini, ule ukelele wa hatari, ng'ombe wakiibiwa au moto ukizuka, na watu wanatoka na mikuki. Nimekuita Mpiga Mwano. Naona linakufaa kuliko jina lolote ulilopewa na wazazi wako.

Kaka, nakuheshimu sana. Nilitaka ulijue hilo kabla gazeti halijatoka.

Hamimu Gharib,
Mhariri.

•

Bariadi,
31 Oktoba 1996

Mhariri,

Leo nakusamehe salamu, maana nimekasirika.

Gazeti limefika. Limesomwa sokoni, limesomwa kwenye vilabu vya pombe, limesomwa ofisini milango imefungwa. Kazi uliyoifanya ni nzuri, siwezi kukunyima hilo. Lakini hilo jina ulilipata wapi? Ungeniuliza!

Pale ofisini kuna bwana shamba anaitwa Joakim. Mwaka ule ng'ombe wa Ipililo walipoibiwa, Joakim ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona, akapiga mwano mpaka sauti ikamkauka, akawa anazungumza kama jogoo mgonjwa wiki nzima. Tangu siku hiyo ofisi nzima inamtania kwa jina hilohilo. Mpiga Mwano, njoo unywe chai. Mpiga Mwano, lete faili. Mkubwa mwenyewe humwita hivyo akiwa na furaha. Wewe umekaa Mwanza ukachagua jina tamu, na humu ndani hakuna aliyehitaji kujiuliza mara mbili.

Jumanne Joakim amesimamishwa kazi. Amenyang'anywa pikipiki na funguo za nyumba ya serikali, mkewe Justina yuko nje na vyombo vyake. Na yeye hajui lolote, Mhariri. Anaapa, na jinsi anavyoapa ndivyo wanavyozidi kumwona mwongo. Mbegu nazo bado ziko Nkoma. Mkubwa amewaambia wakulima kwamba gazeti lako ni la wapinzani na nyuzi hizo mliziweka ninyi.

Mkubwa amesafiri, anarudi Jumatatu tarehe 11. Siku hiyo nitaingia ofisini kwake nimwambie aliyeandika ni mimi. Siwezi kumpita Justina ameketi juu ya masanduku barabarani, nikamwitikia salamu, nikaenda zangu. Watoto wangu watakula jasho langu lingine, kama lipo.

Usinijibu.

Yule uliyempa jina la mtu.

•

Mwanza,
4 Novemba 1996

Kaka,

Nakujibu, utanisamehe.

Kosa ni langu. Nililiona jina zuri nikalichukua, kama mgeni anayekaa kwenye kiti bila kuuliza ni cha nani. Ijumaa hii nachapa kwa herufi kubwa kwamba Joakim siye. Lakini najua watakavyosema: kama siye, basi mwandishi anamjua aliye, na alitaje. Wakili wa Nyota ya Pamba ameshaniandikia. Nitoe jina au twende mahakamani. Mwenye gazeti ameniita akaniuliza kwa upole jina ni nani, nikamwambia silijui, akanicheka usoni. Hakuna anayeamini kwamba mhariri angehatarisha gazeti zima kwa ajili ya mtu asiyemjua. Mimi naamini, maana ndivyo nilivyofanya, na ningefanya tena.

Nakusihi usiingie kwenye ule mlango. Ukijitaja, Joakim hatarudishwa, mtafukuzwa wote wawili, na maneno yatageuka kuwa juu yako: una ugomvi gani, ulinyimwa cheo gani, nani kakutuma. Mbegu zitasahaulika na zitapandwa. Nipe muda nitafute njia.

Sina njia bado. Sikufichi.

Hamimu.

•

Bariadi,
7 Novemba 1996

Mwanangu Hamimu,

Bahasha yako bado iko chini ya mkeka. Jana ilikuwapo, leo ipo. Mtu wako haji. Nimepangusa benchi mara nyingi mpaka wateja wananiuliza kama nina mgeni. Nisikie basi, maana nimeanza kumwogopea mtu nisiyemjua, na katika umri wangu huo ni wazimu.

Gazeti lako limeleta balaa na baraka. Klementina wa mapokezi amesimama hapa mbele ya watu akisema waandishi wa uongo wapelekwe gereza la Butimba. Nilimpimia chumvi pungufu kwa makusudi, Mungu anisamehe.

Lakini leo asubuhi alikuja Masunga, yule kamanda wa sungusungu wa Nkoma, yule mbishi anayeweza kubishana nami juu ya bei ya kiberiti mpaka kiberiti kiishe. Yeye hasomi vizuri, akaniomba nimsomee. Nikamsomea yote, na habari za Joakim nikamweleza. Alikuwa anakula muhogo, akaacha kula.

Akaniuliza, "Mayu Asumini, huyu Joakim ndiye aliyepiga?"

Nikamwambia sijui.

"Nani anajua?"

"Hakuna."

Akasema, "Hilo ndilo sawa. Sasa huyo mkubwa anamtafuta aliyepiga wa kwanza, wa nini? Mwano ukipigwa, sisi hatuulizi nani kapiga. Kila anayesikia anaudaka, anapiga na yeye, wa ng'ambo naye anadaka, mpaka ufike Meatu huko. Anayeulizwa ni aliyekaa kimya. Huyo tunamtoza faini ya ng'ombe."

Nikamwambia sasa mbona Nkoma mmekaa kimya, na magunia yako kwenu?

Alilipa kiberiti bila kubishana akapanda baiskeli yake.

Mawingu yameanza kujikusanya upande wa ziwa.

Shangazi yako,
Asumini.

•

Nkoma,
9 Novemba 1996

Kwa wewe Mhariri,

Mimi ni Masunga, kamanda. Ndiye niliyekuandikia barua ya mbegu. Mpiga Mwano ni mimi.

Tumefumua magunia yote mbele ya mkutano. Uzi mwekundu umo, huu hapa nakutumia. Mama Nyanjige alikuwa ameshapanda kwenye kile kimvua cha juzi, tumeenda shambani kwake wote tukafukua punje moja moja tukachoma. Alilia, lakini alifukua na yeye.

Mke wangu Nyamizi anasema niandike kwamba Mpiga Mwano ni yeye. Sawa, ni yeye pia. Kabula naye. Ngassa naye, na nyumba yake yote.

Jumatatu tunakwenda Bariadi na magunia yao. Nimetuma baiskeli Ipililo na Lingeka. Wao mbegu hizi hazijawafikia, lakini mwano wamesikia, hawana pa kujificha.

Andika jina langu vizuri. Ni Masunga, si Msunga kama walivyoandika kwenye kadi ya chama.

Masunga,
Mpiga Mwano.

•

Mwanza,
12 Novemba 1996

Shangazi,

Niandikie upesi yaliyotokea Jumatatu, maana huku nimechanganyikiwa kwa furaha na hofu.

Toka jana kila basi linalotoka kwenu linashusha bahasha. Za kaki, za daftari, nyingine zimekunjwa kwenye karatasi za sigara. Kila moja ina kipande cha uzi mwekundu na kila moja inasema, "Mpiga Mwano ni mimi." Wa Ipililo mmoja ameandika kwamba hata kalamu aliyoiandikia barua ya kwanza anayo, ila mbuzi ameila. Hata mwalimu mkuu wako ameandika, kwa Kiswahili cha mtihani. Nimempelekea wakili wa Nyota ya Pamba kapu zima na kumwambia: uliomba jina, haya hapa, chagua.

Mwenye gazeti amekuja mezani kwangu, amesoma moja, amesoma nyingine, akakaa chini. Hajaniuliza tena jina ni nani.

Ijumaa tunazichapa zote zitakazoenea. Lakini niambie, ile bahasha yangu chini ya mkeka, bado ipo? Mtu wangu alisema Jumatatu ataingia kwa mkubwa. Aliingia?

Hamimu.

•

Bariadi,
13 Novemba 1996

Mwanangu,

Nilifunga duka. Sijawahi kufunga duka siku ya kazi tangu nilipokaa eda ya marehemu. Nilijitanda khanga yangu nikaenda kusimama mbele ya Ofisi ya Mbegu pamoja na walimwengu wengine.

Walikuja saa za asubuhi ofisi zikishafunguliwa. Kwanza tuliwasikia. Hamimu, wewe ulikuwa mtoto, umesahau mwano ukoje unapokuja. Ulianzia huko barabara ya Nkoma, ukadakwa mnadani, ukadakwa sokoni, mpaka wachuuzi wa dagaa wasiojua hata ni jambo gani wakawa wanapiga. Halafu zikatokea baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe, magunia juu. Wakayashusha mbele ya geti, wakayafumua pale pale. Uzi mwekundu ukawa chini kila mahali, kama kuku kachinjwa.

Mkubwa akatoka barazani. Jasho. Hakuteremka. Akamtuma Klementina wa mapokezi, akasimama naye pale juu ya ngazi, yeye nyuma, mwanamke mbele. Na kwa kweli nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza. Akauliza kwa sauti aliyotumwa, "Mkubwa anauliza, Mpiga Mwano ni nani?"

Ewe mwanangu! Walijibu wote pamoja. "Ni mimi!" Wanaume, wanawake, wazee wasio na meno. Masunga alikuwa anarukaruka. Nami nikajikuta nimesema, "Ni mimi!" na mimi hata barua sijaandika, mimi nimegeuza mgongo tu. Na Joakim alikuwa amesimama kando na Justina wake, analia kama mtoto, naye akasema, "Ni mimi!" na safari hii hakuna aliyemwamini. Klementina mdomo ulibaki wazi juu ya ngazi, kwa woga sijui, masikini.

Mchana akaja mkuu wa wilaya mwenyewe. Akaokota uzi, akautazama, akamtazama mkubwa. Malori ya Nyota ya Pamba yaliitwa kupakia mbegu zao kwenda kinu cha mafuta, na yalipakia macho ya watu yakiwa juu yao. Mkubwa ameambiwa apumzike kwanza nyumbani. Joakim amerudishiwa funguo jana, pikipiki bado, wanasema imeharibika tairi. Mbegu safi zinakuja kutoka upande wa Meatu, wakulima wa Lingeka wamejitolea za akiba.

Jana hiyohiyo nilitazama chini ya mkeka. Bahasha haipo. Badala yake nimekuta embe bivu. Nimelila, maana halikuandikwa jina.

Shangazi yako,
Asumini binti Gharib,
Mpiga Mwano.

•

Mwanza,
12 Desemba 1996

Kaka yangu,

Naiweka barua hii chini ya mkeka kwa mkono wa shangazi kwa mara ya mwisho, ukipenda iwe ya mwisho.

Nilikuja Bariadi wiki iliyopita. Sikufichi, niliketi kwenye benchi lako kutwa nzima nikinywa kahawa. Nilijiambia sitakutafuta. Nikakutafuta. Kila aliyekuja kununua chumvi nilimtazama mikono. Nilidhani ni yule mrefu mwenye miwani aliyeuliza bei ya wino. Nilidhani ni mwalimu mkuu. Nilipomuuliza shangazi aliniambia yeye hajui, na akijua atakuwa amesahau.

Nilikutana na Joakim, tukaombana radhi. Nilikutana na Masunga, akaniuliza kwa nini jina lake lilichapwa la nne na si la kwanza. Na nilikutana na yule Klementina wa mapokezi. Alinikuta nimeziba njia, akanitazama juu mpaka chini, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mnadani, "Kumbe ndiye wewe! Gazeti lako lina faida moja tu, kufungia karanga." Watu wakacheka. Nilimpisha. Nikafikiri: ofisi moja, yupo mtu kama yeye, na yupo mtu kama wewe.

Kaka, nimeandika habari za watu wakubwa. Nimepiga picha na mawaziri. Nakuambia kwa moyo mweupe kwamba sijamheshimu yeyote kati yao kama ninavyokuheshimu wewe. Si kwa sababu ulisema, wengi husema. Ni kwa sababu ulipoona mwenzako anaumia kwa jina lisilo lake, ulikuwa tayari kuutoa uso wako uadhiriwe badala yake, na mimi niliyekukataza nilikuwa salama mbali huku, ziwani. Sijui kama aliingia mtu kwenye ule mlango Jumatatu ile. Sikuulizi. Nataka tu ujue kuwa kuna mtu mmoja Mwanza anayejaribu kuwa kama wewe, na bado hajafika.

Hamimu.

•

Bariadi,
3 Februari 1997

Mwangaluka, Mhariri.

Natumaini u mzima, shangazi yako mzima yuko huku namwona, na kama bado huna ng'ombe, nunua.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukujibu. Tulipatana tusijuane, na mapatano ni mapatano. Lakini barua yako imenikaa kooni, hasa pale pa karanga.

Nakuomba radhi kwa neno lile. Nje ya duka walikuwa wamesimama madereva wa ofisi, wale ambao bado wana mdomo kwa mkubwa aliyepumzishwa, na mimi tangu Oktoba nimekuwa nikilitukana gazeti lako kila penye masikio, maana sikuona njia nyingine ya kulisaidia. Ulipochapa habari za Joakim nililitukana zaidi. Ukweli ni kwamba karanga zangu nafungia magazeti mengine. Kurunzi lote ninalo, chini ya godoro. Mwambie shangazi yako pia chumvi ile nilijua ni pungufu.

Na mimi si kaka.

Umesema huulizi juu ya Jumatatu, kwa hiyo nitakuambia. Barua yako sikuichukua kabla, kwa makusudi. Nilijua utanisihi, na nilijua nitakusikiliza. Asubuhi ile nilivaa gauni langu la kanisani. Nilikwenda mpaka kwenye mlango wa mkubwa, nikainua mkono kugonga, na nilikuwa nimeshayapanga maneno. Hapo nikausikia ukitokea barabara ya Nkoma. Mama yangu analima Nkoma, Mhariri, sikukuambia. Nimezaliwa kule. Mwano nimeusikia tangu niko mgongoni. Mkono ukabaki hewani, mlango ukafunguka, mkubwa akatoka mbio, nikamfuata hadi barazani, akaniambia nisimame mbele yake niwaulize Mpiga Mwano ni nani.

Nikauliza, kama bila shaka shangazi yako alivyokuandikia. Wakajibu.

Kwetu anayesikia mwano akakaa kimya ndiye mwenye kosa. Nami nilikuwa nimekuja kusema, na maneno yalikuwa bado kinywani. Nikasema. "Ni mimi!" Nilisema kwa sauti yangu yote, nikiwa nimewatazama mama zangu wa Nkoma, mkubwa akiwa nyuma yangu karibu kiasi cha kunipumulia shingoni. Nilirudia tena na tena mpaka kifua kikaniuma.

Hakusikia. Alinigusa bega akaniambia, "Klementina, usiogope, ingia ndani."

Pamba ya Nkoma imefika magotini, imenyooka. Ukishasoma barua hii ichome. Mimi naenda dukani kwa shangazi yako, chumvi imeniishia.

Mpiga Mwano,
mmoja wao.